Kutenga na kutambua bakteria wanaooksidisha salfa katika maji ya asili

Swali la msomaji: Nilichota maji kwenye chemchemi yenye harufu ya mayai viza, nikayapanda kwenye media (lishe ya kuoteshea bakteria) ya thiosalfeti, chumvi yenye salfa, pamoja na kiashiria cha bluu ya bromothaimoli, na baada ya siku chache media ikageuka njano. Nilipohamishia kwenye agari nilipata makoloni ya aina nyingi, ambayo yote yanaota pia kwenye agari ya kawaida ya lishe, na mfuatano wa jeni ya 16S rRNA, ile inayotumiwa kutambua bakteria, umeniletea majina ya Pseudomonas na Bacillus. Je, hao ndio bakteria wanaooksidisha salfa, yaani wanaoondoa elektroni kwenye salfa au michanganyiko yake? Kama sio, nifanye nini niwapate na kuwatambua kwa uhakika?

Jibu: Huenda baadhi yao ni wahusika, lakini katika yote uliyoyaeleza hakuna linalothibitisha hivyo. Media kugeuka njano kunaonyesha jambo moja tu, kwamba pH (kipimo cha asidi) imeshuka hadi karibu na 6 au chini yake, na pH inaweza kushushwa na bakteria wasiojihusisha na salfa hata kidogo. Bakteria yeyote anayechukua amonia kama chanzo chake cha nitrojeni huacha asidi kwenye media. Wale wanaoigeuza amonia kuwa nitriti ili wapate nishati huacha asidi nyingi zaidi, nao hustawi vizuri kwenye media ya chumvi tupu kama yako, ilimradi ina amonia. Wanaokula mabaki ya viumbe yaliyoingia pamoja na maji ya sampuli hutoa kabonidioksidi na asidi za ogania (za kaboni itokanayo na viumbe). Kwa hiyo chupa yako inaweza kuwa njano kwa sababu tatu au nne kwa wakati mmoja, na kiashiria hakina namna ya kuzitofautisha.

Kuna upande wa pili unaosahaulika mara nyingi zaidi. Bakteria wengi, wakiwemo baadhi ya Pseudomonas, huoksidisha thiosalfeti nusu njia tu: huunganisha molekuli mbili za thiosalfeti kuwa moja ya tetrathioneti na kuishia hapo. Tendo hilo hutoa haidroksidi badala ya asidi, hivyo pH hupanda na kiashiria huwa buluu. Mtu anayeangalia rangi ya njano peke yake atazitupa chupa hizo akidhani hazina kitu, hali zina bakteria wanaooksidisha salfa kwa maana halali ya neno hilo. Tena wapo wanaoanza kwa kupandisha pH, kisha, thiosalfeti inapokwisha, wakaishusha wanapoendelea na tetrathioneti hadi salfeti. Chupa ya namna hiyo ukiisoma siku ya pili na siku ya sita utapata majibu mawili yanayopingana, na yote mawili ni ya kweli.

Kabla ya kueleza hatua za kazi, inafaa kukumbuka kwamba kundi hili linaunganishwa na kazi linayofanya, si na ukoo. Mwanasayansi wa vijidudu Sergei Winogradsky, alipochunguza nyuzi za bakteria aitwaye Beggiatoa huko Strasbourg na kuchapisha matokeo yake mwaka 1887, alionyesha kwamba punje za salfa ndani ya nyuzi hizo huongezeka panapokuwa na haidrojeni salfidi na kutoweka inapokosekana, na kutokana na hayo akajenga hoja kwamba kiumbe anaweza kupata nishati kwa kuoksidisha kitu kisicho cha ogania. Mwaka 1904 Martinus Beijerinck alieleza Thiobacillus thioparus, na kwa miongo mingi iliyofuata karibu kila bakteria mwenye umbo la fimbo aliyeoksidisha salfa aliwekwa kwenye jenasi ya Thiobacillus. Mwaka 2000 Kelly na Wood waliigawa jenasi hiyo na kuunda Acidithiobacillus, Halothiobacillus na Thermithiobacillus, na wengine walikuwa wameshahamishiwa kwingine, kwa mfano Paracoccus versutus. Ukisoma makala za zamani, basi, jina Thiobacillus lichukulie kama maelezo ya kazi tu. Matokeo ya vitendo ya jambo hili ni kwamba hakuna media moja inayowaotesha wote, na anayedai kuwa ametenga bakteria wanaooksidisha salfa wa chemchemi fulani kwa media moja ametenga wale tu ambao media hiyo iliwakubali.

Kwa hiyo kazi huanzia kwenye maji yenyewe. Pima pale pale halijoto, pH, oksijeni iliyoyeyuka na uwezo wa maji kupitisha umeme, kwa kuwa vipimo hivyo ndivyo vitakavyokuchagulia media. Salfidi hupotea haraka mno, kwa hewa na kwa kuoksidika yenyewe, kwa hiyo chukua sampuli ndogo ya pembeni na uidake papo hapo kwa zinki asetati ili uipime maabara kwa njia ya bluu ya methileni, ambayo husomwa kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 670. Usichote katikati ya bwawa kwa sababu tu ndiko kunakofikika. Bakteria hawa hukaa pale salfidi inapokutana na oksijeni au na nitreti, na sehemu hiyo aghalabu ni tabaka jembamba juu ya tope, ukingo wa mkondo hatua chache kutoka maji yanapobubujika, au utando mweupe unaoshikamana na mawe na majani yaliyozama. Utando huo mweupe ndio sampuli bora kuliko zote. Jaza chupa hadi mdomoni usiache hewa, ihifadhi kwenye ubaridi wa takriban nyuzi 4 bila kuigandisha, na uipande ndani ya saa 24. Tahadhari moja ni ya lazima: haidrojeni salfidi ni nzito kuliko hewa, hutuama kwenye mabonde na mapango, na ikifikia kiasi cha sehemu 100 kwa milioni pua huacha kuinusa. Harufu ikikatika ghafla mahali ilipokuwa kali, ondoka.

Ukifika maabara, weka kwanza tone la utando huo chini ya hadubini kabla ya kupanda chochote. Nyuzi za Beggiatoa huonekana zikiteleza polepole, na ndani yake mna punje za mviringo zenye ukingo mweusi na kitovu kinachong'aa. Pitisha ethanoli chini ya kioo cha kufunikia nawe utaona punje zikififia, kwa sababu salfa ya ndani ya seli huyeyuka humo, na nyuzi zinabaki na mashimo matupu mahali punje zilipokuwa. Jaribio hili huchukua dakika chache na hukupa ushahidi wa awali ambao chupa ya njano haiwezi kukupa, kwamba katika maji hayo kuna kiumbe anayehifadhi salfa ndani ya mwili wake.

Sasa media. Kwa maji yenye pH ya kati ya 6 na 8, media ya thiosalfeti ndiyo ya kuanzia, lakini napendekeza uibadilishe kidogo kutoka kwenye ile inayonakiliwa kila mahali. Kwa lita moja weka gramu 2 za dipotasiamu haidrojeni fosfeti, gramu 2 za potasiamu dihaidrojeni fosfeti, gramu 0.4 za amonia kloridi, gramu 0.4 za magnesi kloridi, kiasi kidogo cha chuma na madini mengine yanayohitajika kwa uchache, na gramu 2.5 za sodiamu thiosalfeti yenye maji matano ya fuwele, ambayo ni takriban milimoli 10. Urekebishe pH iwe 7.0. Nimetaja kloridi za amonia na magnesi makusudi, ingawa maelekezo mengi hutumia salfeti zao: baadaye utahitaji kupima salfeti iliyotengenezwa na bakteria, na ni kujitesa bure kuipima juu ya salfeti uliyoimimina mwenyewe. Magnesi isafishwe vijidudu kando na fosfeti ili zisigande pamoja kwenye otoklevu (chungu cha mvuke wa shinikizo cha kuulia vijidudu). Thiosalfeti na sodiamu baikaboneti, ambayo ndiyo akiba ya kaboni kwa wanaojitengenezea chakula, zipitishe kwenye kichujio cha mikromita 0.2 na uziongeze media ikishapoa, kwa sababu joto la otoklevu hufukuza kabonidioksidi kutoka kwenye baikaboneti na kuipandisha pH.

Kiasi cha thiosalfeti nacho kina hesabu yake. Moli moja ya thiosalfeti ikioksidishwa hadi mwisho hutoa moli mbili za salfeti na moli mbili za ioni za haidrojeni. Media yenye milimoli 10 itapokea asidi ya milimoli 20 kwa lita, na fosfeti niliyoitaja haiwezi kubeba yote hiyo. Ukiweka gramu 5 au 10 za thiosalfeti, kama inavyofanyika mara nyingi, pH itaporomoka kabla thiosalfeti haijafika hata nusu, na spishi zinazopenda pH ya kati zitasimama au kufa huku zile zinazovumilia asidi zikichukua nafasi. Kwa njia hiyo unaweza, bila kukusudia, kuwapata kutoka chemchemi ya pH 7 bakteria wa pH 4 ambao walikuwa wachache mno humo. Kama unahitaji bakteria wengi kwa wingi wa seli, ongeza thiosalfeti kidogo kidogo na uirudishe pH mahali pake kwa sodiamu kaboneti.

Kila sampuli ipandwe sambamba na chupa tatu za ulinganisho: yenye sampuli na media isiyo na thiosalfeti, yenye thiosalfeti lakini sampuli iliyouawa kwa joto, na yenye thiosalfeti bila sampuli yoyote. Ya kwanza ndiyo itakayokuambia kama njano yako ilitokana na amonia au na mabaki ya ogania. Kama ikigeuka njano sawasawa na ile yenye thiosalfeti, huna la kudai. Ningetaka kila tasnifu inayohusu bakteria hawa ianze na picha ya chupa hiyo moja. Ingepunguza mijadala mingi.

Jambo lingine ni kuzimua sampuli kabla ya kuipanda, si baada. Ukimimina mililita kumi za maji kwenye chupa moja, atakayeshinda ni yule anayegawanyika haraka kuliko wote, hata kama kwenye chemchemi alikuwa mmoja kati ya elfu. Ukizimua mara kumi kumi hadi mara milioni moja na kupanda kila hatua kwenye chupa yake, chupa ya mwisho iliyoota ina uwezekano mkubwa wa kuwa na bakteria waliokuwa wengi kwenye maji yenyewe, na mara nyingi huwa tayari inakaribia kuwa ya aina moja. Ziache chupa kwenye halijoto iliyo karibu na ile ya chemchemi. Hamisha asilimia 1 ya chupa iliyoota kwenda kwenye media mpya mara kadhaa, ili mabaki ya ogania yaliyokuja na maji yaishe na wanaoyategemea wapungue.

Wapungue, nimesema, kwa maana hawataisha. Wanaojitengenezea chakula humwaga sehemu ya kile walichotengeneza, na daima kuna wengine wanaoishi kwa makombo hayo. Mfano unaojulikana sana ni Acidithiobacillus ferrooxidans, ambaye aina zake zilizodhaniwa kuwa safi ziligunduliwa kuwa na Acidiphilium ndani yake, kiumbe anayekula ogania na kuvumilia asidi ile ile. Hili linaeleza pia makoloni yako. Agari yenyewe, ile inayogandisha media, ina uchafu wa ogania unaotosha kuotesha makoloni madogo ya bakteria wasiohitaji thiosalfeti kabisa. Ioshe agari kwa maji yaliyotoneshwa mara kadhaa kabla ya kuitumia, au tumia agarosi, na kila unapochora mistari kwenye sahani yenye thiosalfeti chora pia kwenye sahani isiyo nayo. Koloni linaloota sawa kwenye zote mbili liweke kando kwa wakati huo. Linaloota kwenye ya kwanza peke yake, au linaloota humo kwa ukubwa unaoonekana wazi, ndilo la kulifuatilia.

Uwe na subira na sahani hizo. Thiobacillus thioparus na wenzake huhitaji wiki moja hadi mbili kufanya koloni la milimita moja au mbili, na anayetazama sahani baada ya saa 48 na kuchukua makoloni makubwa huwa amechukua wale asiowataka. Koloni la thioparus huanza likiwa angavu, kisha hufunikwa na salfa na kuwa jeupe lenye umanjano, na likizeeka hupata rangi ya waridi au ya kahawia. Salfa hiyo ya nje ni dalili nzuri kama pH ya sahani bado iko karibu na 7. Ikiwa pH imeshuka chini ya 4 au hivi, thiosalfeti huvunjika yenyewe na kutoa salfa na dioksidi ya salfa, hivyo weupe unaouona kwenye agari au ukungu kwenye chupa unaweza kuwa kemia tupu. Chupa isiyo na bakteria, iliyotiwa asidi hadi pH ile ile, itakuonyesha mara moja.

Je, kuota kwenye agari ya lishe kunamwondoa mtu kwenye orodha? La, na hapa usiende haraka. Paracoccus versutus, Starkeya novella na wengine kama hao wanaweza kuishi kwa thiosalfeti na kabonidioksidi, na wakipewa ogania wanaila vile vile. Kwa hiyo makoloni yako usiyatupe kwa sababu hiyo peke yake. Agari ya lishe itumie kama kipimo cha usafi: koloni unaloamini kuwa la kiumbe anayejitegemea tu halipaswi kutoa chochote juu yake, na likitoa, ama ni mchanganyiko ama si yule uliyemdhania.

Sasa tunafika kwenye ushahidi wenyewe, ambao ni wa kikemia. Chukua kila aina uliyoitenga, iote kwenye media ya maji yenye milimoli 10 za thiosalfeti, pamoja na chupa ya ulinganisho yenye seli zilizouawa na nyingine isiyo na seli, na kwa siku kadhaa pima vitu vitatu: thiosalfeti inayopungua, salfeti inayoongezeka, na wingi wa seli. Thiosalfeti hupimwa kwa titresheni ya iodini kwa kiashiria cha wanga, na ni kipimo cha gharama ndogo kinachoaminika, mradi ukumbuke kwamba iodini haiioni tetrathioneti. Thiosalfeti ikiisha na salfeti ikafika karibu milimoli 20, oksidisho limekamilika. Ikiisha na salfeti isionekane, huku pH ikiwa imepanda, unaye mtengeneza tetrathioneti. Salfeti ikifika nusu tu na chupa ikiwa na weupe, tafuta salfa: chuja, yeyusha kilichobaki kwa asetoni na ukipime. Hesabu ya atomi za salfa zilizoingia na zilizotoka ikifungana kwa asilimia tisini na kitu, huna haja ya kubishana na mtu.

Kipimo cha salfeti kwa bari kloridi, kinachosomwa kwa ukungu kwenye nanomita 420, kina mtego ambao wengi hawauoni. Sampuli hutiwa asidi kabla ya bari, na thiosalfeti iliyobaki huvunjika kwenye asidi hiyo na kutoa salfa laini yenye ukungu wake, ambao mashine huusoma kama salfeti. Sampuli za siku ya kwanza, zenye thiosalfeti nyingi, ndizo huathirika zaidi. Andaa viwango vyako vya ulinganisho vikiwa na thiosalfeti ya kiasi kile kile kilichopo kwenye sampuli, na soma kila kimoja kwa muda uleule baada ya kutia asidi. Ukipata mashine ya kromatografia ya ioni, itumie, kwa kuwa hupima salfeti na thiosalfeti pamoja bila usumbufu huo.

Media ya thiosalfeti, hata ikitumiwa kwa uangalifu wote huo, inawaacha wengi nje. Kwa maji yenye pH ya 2 au 3, kama yale yatokayo kwenye migodi au chemchemi za volkano, tumia salfa ya unga, gramu 10 kwa lita, kwenye media ya asidi yenye takriban gramu 3 za potasiamu dihaidrojeni fosfeti na chumvi chache za amonia, magnesi na kalsi. Salfa hiyo usiipitishe kwenye otoklevu ya nyuzi 121, kwa sababu huyeyuka karibu na nyuzi 115 na kuwa bonge lisilofaa. Ifukize kwa mvuke wa nyuzi 100 kwa nusu saa hadi saa moja, siku tatu mfululizo, kisha inyunyize juu ya media bila kutikisa. Mwanzoni unga huelea kavu kama haugusi maji. Acidithiobacillus thiooxidans, ambaye Waksman na Joffe walimweleza mwaka 1922, anapoanza kuota, unga hulowana na kuzama chini punje kwa punje, na pH hushuka hadi 1 au pungufu. Ukihitaji sahani kwa ajili ya hawa, agari na asidi zichemshwe kila moja peke yake na kuunganishwa zikiwa zimepoa kiasi, kwa sababu agari ikipikwa ndani ya asidi haigandi.

Beggiatoa hataki chochote kati ya hivyo. Yeye huhitaji mahali ambapo salfidi inatoka chini na oksijeni inatoka juu, vyote kwa uchache, na njia iliyofanikiwa ni ya mirija: chini unaweka agari ngumu yenye sodiamu salfidi, juu yake agari laini ya takriban asilimia 0.2 isiyo na salfidi, unaiacha usiku kucha ili salfidi ipande polepole, kisha unapanda nyuzi zilizooshwa. Baada ya siku chache huonekana bamba jeupe jembamba lisilozidi milimita moja unene, milimita kadhaa chini ya uso, mahali hasa salfidi na oksijeni zinapokutana. Bamba hilo likisogea juu au chini unapobadilisha kiasi cha salfidi, huhitaji ushahidi mwingine wa kile kiumbe anachokitafuta. Kuosha nyuzi ndiyo kazi ya kuchosha: zivute kwa sindano nyembamba kupitia matone kadhaa ya maji safi, moja baada ya jingine, kwa sababu bakteria wengine hujishikiza kwenye ute wake. Sodiamu salfidi isikutanishwe kamwe na asidi, wala kwenye ndoo ya taka.

Mirija ya namna hiyo hiyo huwafaa pia Sulfurimonas na jamaa zake, ambao wengi hawapendi oksijeni nyingi na hivyo hawaonekani kamwe kwenye sahani zilizoachwa wazi. Wanaotumia nitreti badala ya oksijeni, kama Thiobacillus denitrificans, waoteshe kwenye chupa zilizofungwa zenye nitreti na thiosalfeti na utazame mapovu ya nitrojeni. Wanaotumia mwanga, kama Allochromatium mwenye rangi ya zambarau anayehifadhi salfa ndani na Chlorobium wa kijani anayeiacha nje ya seli, wanahitaji chupa zisizo na hewa mbele ya taa. Hao ni somo jingine na hawahusiani na swali lako, ila kama chemchemi yako ina tabaka la rangi hizo usishangae.

Utambuzi kwa majina huja baada ya hayo, nao siku hizi ndio rahisi kuliko yote, jambo linalowafanya watu wauanze kwanza. Anza na mambo ya kawaida: umbo la seli, rangi ya Gram, mwendo, mipaka ya pH, joto na chumvi, uwezo wa kutumia nitreti, na kama anaota bila ogania. Kwa vinasaba vya wanaoishi kwenye asidi, osha seli kwanza kwa bafa (mmumunyo unaoshikilia pH) ya pH ya kati hadi asidi, chuma na salfa viondoke, la sivyo kimeng'enya cha kunakilisha DNA hakitafanya kazi. Soma jeni ya 16S rRNA karibu yote, takriban besi 1,400 hadi 1,500, na ulinganishe na aina za rejea zilizochapishwa rasmi, si na mfuatano wowote ulioko kwenye hifadhidata, kwa kuwa mingi imepewa majina kwa kubahatisha. Kufanana chini ya asilimia 98.7 na spishi yoyote inayojulikana kunaashiria spishi nyingine. Kufanana juu ya hapo hakumaanishi kwamba ni spishi ile ile. Kwa hilo jenomu nzima ndiyo yenye uamuzi, na mpaka unaotumiwa ni wastani wa kufanana kwa nukleotidi wa asilimia 95 hadi 96.

Hata hivyo, jina la 16S halikuambii kazi. Ndani ya Pseudomonas wapo wanaooksidisha thiosalfeti na wapo wasioigusa, wakati mwingine ndani ya spishi moja. Bacillus, kwa upande wake, hutengeneza viini sugu vinavyovumilia karibu kila kitu na kuchipua kwenye agari yenye uchafu wa ogania, kwa hiyo yeye ningemshuku zaidi hadi kipimo cha salfeti kimtetee. Ongeza kipimo cha jeni ya soxB, ambayo ni sehemu ya mfumo wa Sox unaoipeleka thiosalfeti hadi salfeti. Ikipatikana inaimarisha hoja yako. Isipopatikana usimwondoe mtu, kwa sababu wapo wanaopita njia nyingine: wanaotengeneza tetrathioneti huweza kufanya hivyo bila soxB, na Acidithiobacillus ferrooxidans anaoksidisha salfa bila mfumo kamili wa Sox. Tena kuwa na jeni si sawa na kuitumia. Ndiyo maana ninashikilia mpangilio huu, kemia kwanza, jeni baadaye, jina mwisho.

Kila aina iliyopita vipimo ihifadhi mapema, kabla hujaihamisha mara nyingi, kwenye gliseroli ya asilimia 15 hadi 20 kwa nyuzi 80 chini ya sifuri, ikiwa imeoteshwa kwenye thiosalfeti na si kwenye agari ya lishe, maana wale wanaoweza kuishi kwa thiosalfeti au kwa ogania hukaa kwa raha kwenye ogania na hapo mwenzao aliyeingia kwa bahati mbaya huwapita bila wewe kujua. Wa asidi waoshe kwanza, kwa kuwa hugandishwa vibaya wakiwa ndani ya asidi yao wenyewe. Na ikitokea kwamba umepata spishi mpya, kanuni za kuwapa bakteria majina zinataka aina ya rejea iwekwe kwenye hifadhi mbili za umma zilizoko nchi mbili tofauti kabla jina halijakubaliwa. Hifadhi hizo zitaiotesha upya wenyewe kwa maelekezo yako ya media, kwa hiyo yaandike kwa gramu na kwa pH, pamoja na chanzo cha kila chumvi.